"Nilifunguliwa": Riwaya iliyomchosha msichana wa Lafey

Kuna makosa katika insha za wanafunzi ambayo mkono wa mwalimu huyasahihisha kabla akili haijayasoma. Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili Lafey, katika Kaunti ya Mandera, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliandika insha kuhusu mada tunayoijua sote, siku ambayo hataisahau. Akaanza hivi: "Siku hiyo nilifunguliwa nikarudi kwa mama." Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini ya "nilifunguliwa", nikaandika pembeni: "niliachwa, au nilipewa talaka". Nikamkata alama moja ya msamiati na kuendelea na daftari lililofuata.

Msichana huyo alikuwa mkubwa kidogo kuliko wenzake darasani. Alikuwa ameolewa, akaachwa, akarudi shuleni. Mji ni mdogo na hakuna aliyehitaji kunieleza. Baada ya kurudishiwa daftari alinifuata nje ya darasa akaniuliza: "Mwalimu, kuna kitabu ya Kiswahili ya mtu kama mimi? Mtu ameachwa, halafu anaanza tena?" Alishaanza kulitumia neno langu la wino mwekundu.

Nikamwahidi. Likizo ilipofika nilipanda basi la Nairobi, safari ile ndefu ya kupitia El Wak, Wajir na Garissa, ambayo wenyeji wa huko hukwambia kwa mzaha usio mzaha kwamba unakwenda Kenya. Kwenye meza za wauzaji vitabu vya mitumba, Barabara ya Tom Mboya, nikaona riwaya jembamba lenye jalada la mwanamke anayetazama bahari. Nyuma ya jalada waliahidi kisa cha binti aliyetendwa, akalia, kisha akapata penzi la kweli. Nikaona, si hii hapa? Nikanunua. Katika basi la kurudi nilisoma sura ya kwanza, usingizi ukanichukua, na sikuifungua tena. Nikampa vivyo hivyo.

Aliirudisha baada ya siku tatu.

"Umeimaliza?"

"Nimemaliza."

"Ikoje?"

Akafikiri kidogo. "Mwalimu, huyu mwanamke hafanyi kitu."

Jina la riwaya hiyo sitalitaja. Mwandishi hakunidanganya. Mimi ndiye niliyemkabidhi mtoto wa watu kitabu ambacho sikukisoma. Isitoshe, iko moja tu kati ya nyingi zinazofanana, na ninayosema hapa yanazihusu zote. Wahakiki huziita riwaya pendwa, na sina chuki nazo hata kidogo. Mtu anayeidharau riwaya pendwa hajawahi kukaa mahali ambapo jua linatua, hakuna duka la vitabu mji mzima, na mkononi una kitabu kimoja kinachokuvuta mpaka taa izimwe. Tatizo la hii ni kwamba haikuvuta.

Nilipoisoma hatimaye, niliona kisa chenyewe. Binti ana mchumba Nairobi. Mchumba anamwacha kwa ujumbe wa simu. Binti analia kwa sura tatu nzima. Shoga yake anamlipia likizo ya pwani. Hotelini anakutana na bwana tajiri, mpole, mrefu, asiye na mama wala deni. Bwana anamlipia kila kitu. Mchumba wa zamani anajitokeza ghafla pale pale hotelini, kwa sadfa ambayo mwandishi hajisumbui kuieleza, anapiga magoti, anakataliwa. Harusi ufukweni. Mwisho. Mwanzoni tunaambiwa kwamba binti ni mhasibu, na baada ya hapo uhasibu wake hatuusikii tena, kana kwamba kazi nayo ilimwacha kwa ujumbe wa simu.

Lakini kauli ya mwanafunzi wangu ilikuwa kauli ya kisarufi, ingawa yeye hakuitaka iwe hivyo. Hafanyi kitu. Nikaketi na penseli nikapiga mstari chini ya kila kitenzi ambacho huyo binti ndiye kiima chake. Aliachwa. Alitelekezwa. Alipelekwa pwani. Alishikwa mkono. Alibebwa. Alifutwa machozi. Alivishwa pete. Aliolewa. Katika vitenzi vya kutenda, alibaki na kulia, kutabasamu na kusubiri.

Hapa ndipo sarufi yetu inapostahili kutazamwa kwa makini. Kitenzi "oa" ni cha mwanamume na "olewa" ni cha mwanamke. Hili tunalifundisha hadi tunasahau kwamba ni jambo la ajabu. Ni vitenzi vichache sana vya Kiswahili vinavyobadilisha kauli kwa kufuata jinsia ya kiima. Chakula kinapikwa na yeyote na barua husomwa na yeyote, lakini kuoa na kuolewa kumegawanywa. Ndiyo maana mwanamume anayehamia kwa mkewe husimangwa barazani kwamba "ameolewa". Kauli ya kutendwa pekee inatosha kuwa tusi.

Na kuachana pia kumefuata mkondo huo. Mume humwacha mke. Mke huachwa. Na pwani utasikia zaidi "ameachika", kauli ya kutendeka, ambayo imemwondoa hata mtenda mwenyewe. Kikombe kimevunjika, mlango umefunguka, Fulani ameachika. Nani kafanya? Haijulikani, imetokea tu. Kauli pekee inayowaweka wawili kwenye mizani ni ya kutendana, "wameachana", na siku hizi Wakenya wengi, hasa vijana, wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo: haimwaibishi mtu. Kweli, siku hizi utasikia pia "amemwacha mumewe", lakini wazee wakisikia hivyo wanaelewa kwamba kabeba nguo zake kaondoka. Hawaelewi kwamba katoa talaka.

Kwa hiyo mwandishi wa riwaya ya mapenzi baada ya kutengana anaianza kazi yake akiwa ndani ya lugha yenye mteremko. Asipoangalia, mhusika wake atateleza kutoka "aliachwa" hadi "aliolewa" bila kukanyaga kitenzi kimoja cha kutenda, na kitabu kitakuwa kimekwisha. Mteremko huo si ukuta, hata hivyo. Sheria yenyewe ya Kiislamu, ambayo wanawake wa pwani na wa kaskazini mashariki wanaijua kwa maisha na si kwa vitabu, inamruhusu mke kudai talaka kwa kadhi. Upo pia utaratibu wa khului, ambapo mke hurudisha mahari, au hutoa kitu walichokubaliana, ili ajitoe katika ndoa. Kudai, kurudisha, kujitoa, hivyo vyote ni vitenzi vya kutenda, na viko hapo hapo jikoni kwetu. Mahakama za kadhi zimo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Mwandishi aliyetaka mwanamke anayefanya kitu hakuhitaji kumpandisha gari la kwenda ufukweni. Angempeleka kwa kadhi, tungekaa macho usiku kucha.

Jambo la pili nililoliona kwa penseli lilinikera zaidi. Riwaya nzima ilikuwa imefikiriwa kwa Kiingereza cha filamu, ikaandikwa kwa maneno ya Kiswahili. Wataalamu huita mtindo huo tafsiri sisisi, na kwa kawaida tunaulalamikia kwenye vibandiko vya dawa na matangazo ya benki. Katika mapenzi madhara yake ni makubwa zaidi, kwa sababu msomaji anaelewa kila neno na anakosa maana.

Chukua sentensi ambayo binti anaitamka mara nyingi kuliko zote: "Alinivunja moyo." Mwandishi alikusudia jeraha la mapenzi. Lakini kumvunja mtu moyo, katika Kiswahili tulichokikuta, ni kumkatisha tamaa. Mwalimu humvunja moyo mwanafunzi kwa kumwambia hatapita. Timu ikifungwa mabao manne, mashabiki huvunjika moyo. Niliposoma "alinivunja moyo na sitawahi kupenda tena", nilimwona binti aliyenyimwa nafasi ya kazi. Na si kwamba lugha ina njaa ya maneno. Ina simanzi, jitimai, majonzi, kusononeka. Ina kihoro, lile pigo la kumpoteza mtu linalomdhoofisha hata aliye mzima wa mwili. Ina donda, na donda linaweza kutoneshwa, na kitenzi hicho kutonesha peke yake kina sura nzima ya riwaya: mchumba wa zamani anaporudi, anatonesha. Mwandishi hakulitumia hata mara moja.

Halafu kuna "alianguka katika mapenzi". Kiswahili hakina haja ya kumwangusha mtu. Watu hupenda, hupendana, hutekwa, huzama. Vijana wa Nairobi humzimia mtu, na kuzimia ni kuanguka kwa heshima zaidi kuliko huko.

Lakini kilichomchanganya mwanafunzi wangu kabisa, na alinionyesha ukurasa kwa kidole, kilikuwa hiki. Bwana tajiri anamwomba binti uchumba mapema mno. Binti anajibu: "Tafadhali, nipe nafasi." Bwana anainamisha kichwa kwa huzuni, anatoka chumbani, haonekani kwa sura mbili.

"Sasa huyu mwanaume anaenda wapi?" aliniuliza. "Si amekubaliwa?"

Alikuwa na haki. "Nipe nafasi" kwa Kiswahili ni ombi la mtu anayetaka kujaribu. Kocha hupewa nafasi, mgombea huomba nafasi. Mwandishi alikuwa akifuata neno la Kiingereza linalomaanisha upana na uwazi, na ambalo wahusika wa filamu huliomba wanapotaka kuachwa wapumue. Mwanamke wa Kiswahili angesema "niache kidogo" au "nipe muda" au, kama ana ulimi wa Mombasa, angesema jambo ambalo bwana angelikumbuka hadi uzeeni. Kwa neno moja lililotafsiriwa kwa kukariri, binti amekubali na kukataa katika pumzi hiyo hiyo, na msomaji wa Lafey ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya tatu au ya nne ndiye aliyeligundua. Mhariri, ambaye pengine alizaliwa nacho, hakuliona.

Nikiwa hapo niseme jambo kuhusu wasomaji hawa. Mwanafunzi wa Lafey huamka na Kisomali, jioni huenda dugsi kwa Kiarabu cha Kurani, darasani husoma kwa Kiingereza, na Kiswahili hukipata kama somo la lazima la mtihani. Walimu tunaotoka sehemu nyingine huenda na dhana kwamba Kiswahili chao ni kibovu. Ngeli zinawasumbua, ndiyo, na "kitabu ya" nimeisikia hadi nikazoea. Lakini mtu anayeishi kati ya lugha nne husikia maana ya neno kwa ukali ambao sisi wa lugha moja na nusu hatunao. Haruki neno kwa mazoea. Analisimamisha, analipima, kisha ndiyo analipitisha.

Basi nilimkalisha nikamwomba anieleze yote yaliyomchosha. Wenzake wawili, ambao kumbe nao walikuwa wamekisoma kwa zamu usiku, wakajiunga.

"Huyu hana hooyo?" mmoja aliuliza. Hooyo ni mama. "Ameachwa, hakuna mtu nyumbani anajua?"

"Hana hata habaryar," mwingine akadakia. Yaani hata khalati, mama mdogo. "Anaenda hoteli peke yake kulia. Kwani watu wake walikufa wote?"

"Na eda?" akauliza wa kwanza. Nikamweleza kwamba walikuwa wachumba tu, hawakufunga ndoa, kwa hiyo hakuna eda. Akakubali shingo upande. "Sawa. Lakini hata kungoja kidogo hakuna. Jumatatu analia, Ijumaa anacheka."

Nilicheka nao, ila nilipokuwa peke yangu niliona kwamba wamegusa shina la ubovu wa kitabu. Eda ni muda wa kungoja: miezi minne na siku kumi kwa mjane, na kwa aliyepewa talaka huhesabiwa kwa mizunguko mitatu ya hedhi. Ni sheria, lakini pia ni kipande cha muda chenye jina. Hadithi ya mtu aliyeachwa iko pale pale, katika kipande hicho. Ndani yake kuna kurudi kwa mama, kitanda cha zamani, wadogo zako waliokwisha kugawana nguo zako, shangazi wanaokuja kuuliza bila kuuliza. Kama ni talaka rejea, mume ana uwezo wa kumrejea mkewe kabla eda haijaisha, kwa hiyo kila hodi mlangoni inaweza kuwa yeye. Niambie riwaya gani ya mapenzi ingehitaji sadfa za hotelini ikiwa na hodi kama hizo. Hata waswahili wasio Waislamu wana mambo yao ya kungoja, ya wazee kukaa na kurudisha mahari au kukataa kuirudisha. Mwandishi wetu alimnyang'anya binti jamaa zake wote ili kisa kiende haraka, na kisa kikabaki bila wa kusema naye.

Msamiati wa baada ya kuachana tunao mwingi, jamani. Mtalaka ni yule mliyetengana naye kwa talaka, na mtu husema "mtalaka wangu" kwa sauti ambayo huwezi kuikosea. Walioachana wakipatana hurudiana. Watanzania, ambao kwa mambo haya wametushinda, humwita mpenzi wa zamani kiporo, chakula kilicholala, na anayemrudia kisiri anapasha kiporo. Au humwita zilipendwa, kama nyimbo za redioni za enzi hizo. Taarabu imejaa wanawake walioachwa ambao hawakunyamaza, na mipasho ni sanaa nzima ya kujibu. Upande wa Lafey nako, wanawake wa Kisomali wana buraanbur, utungo wao wenyewe, unaoimbwa harusini na penginepo, na usidhani unasifu tu. Binti wa riwaya alikuwa amesimama kati ya visima viwili akifa kiu.

Nitatendea fasihi ya Kiswahili dhuluma nikiacha hapo, kwa sababu kuachwa kumeandikwa vizuri. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980, Bwana Maksuudi anampiga mkewe Bi Tamima na kumpa talaka, na hakuna msomaji aliyesoma ukurasa huo shuleni aliyeusahau. Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya 1972, mapenzi ya Idi na Bahati yanaliwa na fedha taratibu, kama mchwa anavyokula mlango. Na karibu zaidi na vijana wetu, Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ya 2017, ina Selume, muuguzi ambaye ndoa yake inavunjwa na uhasama wa kikabila baada ya uchaguzi. Selume anaendelea kuwa muuguzi. Yaani kazi yake haisahauliki pindi mapenzi yanapoharibika. Ni jambo dogo, lakini ukishaisoma ile riwaya ya ufukweni unaliona kuwa kubwa.

Ila angalia tulichonacho. Kuachwa kumeandikwa kama msiba, kama dhuluma, kama matokeo ya siasa. Kuanza tena, kupenda tena baada ya hapo kwa macho makavu na akili timamu, tumewaachia riwaya pendwa, na riwaya pendwa zimekimbilia filamu za watu. Ndiyo maana nilipoulizwa swali lile nje ya darasa sikuwa na jibu mfukoni.

Majirani zetu wamejaribu. Somalia iliidhinisha hati za Kirumi kwa maandishi ya Kisomali Oktoba 1972, na miaka miwili tu baadaye Faarax M. J. Cawl akachapisha riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza katika hati hizo, Aqoondarro Waa U Nacab Jacayl, yaani ujinga ni adui wa mapenzi. Ujinga unaosemwa ni wa kutojua kusoma. Barua ya mapenzi inamfikia mwanamume asiyejua kuisoma, na maisha ya watu wawili yanaharibikia hapo. Kila nikisahihisha insha hukumbuka kwamba jirani zetu walipoanza kuandika riwaya, walianza na mapenzi na alfabeti kwa pamoja.

Na kabla ya hapo, 1970, Nuruddin Farah alikuwa ameandika kwa Kiingereza From a Crooked Rib, kisa cha Ebla, binti wa wafugaji anayetoroka ili asiozwe mzee. Anafika Belet Wene, kisha Mogadishu. Ana mume, mume anakwenda Italia, Ebla anapata habari kwamba ana mwanamke mwingine huko. Basi Ebla anaolewa na mwanamume mwingine kwa siri, huku akijua vizuri anachofanya na kwa nini. Tazama jinsi Kiswahili kinavyonikaba: nimeandika "anaolewa", wakati hakuna mtu katika kitabu hicho anayetenda kuliko Ebla. Si mwenendo ambao mwalimu angeupigia debe mbele ya darasa, na mwandishi hamfichii makosa yake. Lakini huwezi kusema kwamba hafanyi kitu.

Sasa nirudi kwenye wino wangu mwekundu.

Siku moja katika chumba cha walimu nilimsikia mwenzangu, mwenyeji wa pale, akizungumza kwa simu, na neno "furay" likarudi mara nyingi. Nilikuwa nimeokota Kisomali cha sokoni, na nilijua kwamba fur ni kufungua: mlango, mfuko, kamba ya ngamia. Nikamuuliza anafungua nini. Akacheka. Akaniambia kuna mtu katika ukoo wao amemwacha mkewe. Kwa Kisomali, akasema, mume hufungua. Furiin ni talaka. Mke naye, waa la furay, amefunguliwa.

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimemkata msichana yule alama moja kwa neno ambalo alilitafsiri sawasawa kutoka lugha ya mama yake. Na nilipolifikiria zaidi aibu ilizidi, kwa sababu halikuwa hata geni kwetu. Sisi si ndio tunaofunga ndoa? Si ndio tunaofunga pingu za maisha, tukaandika hivyo kwenye kadi za mwaliko bila kustuka? Anayefungwa pingu huzitoka kwa kufunguliwa. Talaka nayo, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, linatoka kwenye mzizi wenye maana ya kuachilia huru. Kiarabu kinaachilia, Kisomali kinafungua, na Kiswahili, chenye neno la kufungia ndoa, kimekosa neno la kuifungulia. Kinaivunja. Au kinamwacha mtu.

Sisemi kwamba Kisomali kimemtendea mwanamke haki kuliko Kiswahili. Ule mtindo wa la furay nao haumtaji mtenda, na mwanamke bado ndiye anayefanyiwa. Mwenzangu huyo huyo alinikumbusha hilo nilipoanza kusisimka. Lakini mtu aliyefunguliwa ana miguu. Ameachwa ni mahali alipobwagwa. Amefunguliwa ni hatua ya kwanza ya kwenda. Na sentensi ya msichana, nilipoisoma upya, ilikuwa imeenda hasa: "nilifunguliwa nikarudi kwa mama". Kiambishi kile "ka", cha vitendo vinavyofuatana, kilikuwa na mengi kuliko riwaya nzima ya jalada la bahari. Nikarudi. Ni yeye aliyerudi. Ningekuwa mwalimu mzuri ningeipigia mstari "nikarudi" na kumwambia aendelee kutoka hapo.

Nilimwita nikamwomba anipe daftari. Nikafuta masahihisho yangu kwa mstari mmoja, nikaandika upya neno lake, nikamweleza kwa nini. Alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza lililokuwa muhimu.

"Kwa hivyo ile alama moja narudishiwa?"

Nikamrudishia. Akaihesabu jumla mwenyewe, akaridhika, akakunja daftari. Kabla hajatoka mlangoni akageuka.

"Na kitabu ingine, mwalimu, umepata?"

Nilikuwa nayo ile ya Ebla, nikampa, na Kiingereza chake kiliiweza. Kwa Kiswahili sikuwa nacho.